Ufunguo Anao Nani? Mashine za Kutoa Dawa Kwenye Makazi ya Wazee na Tiba Shufaa

Shangazi yangu aliniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake mzazi. Usiku mmoja hapa Tabora aliniita hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. "Baba, waambie walete." Saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Dawa yake ilikuwa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa 4, na ile ya saa 4 usiku ilikuwa maradufu ili apitilize hadi alfajiri bila kuamshwa.

Chupa ilikuwepo. Mchana ule niliiona ikirudishwa kabatini ikiwa na dawa zaidi ya nusu. Kabati lenyewe, la chuma, lenye kufuli mbili, lilikuwa hatua kama kumi kutoka kitandani. Nesi wa zamu, kijana mpole, alikuwa na ufunguo mmoja. Wa pili alikuwa nao msimamizi wake, ambaye jioni alipata taarifa ya msiba akaondoka kwenda Sikonge, ufunguo ukiwa mfukoni. Simu yake haikupatikana. Saa 6 usiku yule kijana aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anko, nivunje?" Hakuwa anatania. Kilichomzuia ni sheria, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia avunje. Msimamizi alirudi saa 1 asubuhi.

Wahudumu wa afya huziita dawa kama mofini dawa za DDA, na kabati lake kabati la DDA, herufi tatu zilizobaki kutoka kwenye jina la sheria ya zamani ya dawa hatari. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na leja yenye safu za tarehe, jina la mgonjwa, kiasi kilichotoka, kiasi kilichobaki na sahihi. Utaratibu huu umepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya manesi, na siku nyingi unafanya kazi. Katika nchi tajiri sehemu kubwa ya kazi hiyo imekabidhiwa mashine. Iko siku mtu atashuka Tabora au Kigoma na picha za kabati linalofunguka kwa alama ya kidole, na atatuambia kwamba usiku kama ule wa shangazi hautatokea tena. Nataka siku hiyo tuwe na maswali ya kumuuliza. Wenzetu waliotangulia walijifunza kwa gharama kubwa, na mengi waliyojifunza yanahusu sheria kuliko umeme na vyuma.

Kwanza mashine yenyewe, maana jina moja linabeba vitu kadhaa. Liko kabati la wodini, ambalo hospitali za Marekani zilianza kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni kabati la droo nyingi lenye kompyuta juu yake. Nesi anaingiza jina lake na nywila, au anaweka kidole, anachagua mgonjwa, orodha ya dawa alizoandikiwa inatokea, anagusa moja, na droo hiyo peke yake inafunguka. Kwa dawa za DDA, kabati linaweza kupangwa limtake kwanza ahesabu vilivyomo na kuandika idadi, bila yeye kuonyeshwa idadi iliyo kwenye kumbukumbu. Hesabu zikipishana, mashine inahifadhi tofauti hiyo pamoja na jina lake, jina la aliyefungua kabla yake, na saa.

Kisha iko mashine ya nyumba ya wazee. Hii ndiyo makala inaihusu. Ni kubwa kama friji, na inakaa mahali ambapo hakuna mfamasia. Famasi iliyo kilomita nyingi mbali inapokea cheti cha daktari, mfamasia anakikagua kwenye kompyuta yake, kisha anairuhusu mashine. Saa ya dawa ikifika, mashine inafunga vidonge vya kila mzee kwenye kipakiti chake, kimechapwa jina, dawa na saa ya kumeza. Nesi anavipokea na kuvigawa. Kuna pia kijisanduku cha nyumbani kinacholia kengele kumkumbusha mtu vidonge vyake. Hicho nakiacha, kwa kuwa dawa zilizomo zimeshakuwa mali ya mgonjwa na ugumu wa kisheria ni mdogo.

Nyumba ya wazee inasumbua watunga sheria kwa sababu haiko upande wowote. Hospitali ina daktari, ina mfamasia, na famasi iko chini ya paa hilohilo. Nyumbani kwa mtu hakuna kati ya hivyo, lakini kuna mgonjwa mmoja na dawa zake. Nyumba ya wazee ina wagonjwa makumi kadhaa, kila mmoja na dawa tano au nane, za presha, sukari, moyo, macho, miguu, na hao wote wanahudumiwa na manesi wachache. Daktari anapita tu. Dawa zinatoka nje. Tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, inaongeza uzito mwingine: dozi hubadilika kila baada ya siku chache kadiri maumivu yanavyopanda, dawa inayohitajika zaidi ndiyo yenye masharti makali zaidi, na mgonjwa atafariki akiacha dawa nyuma yake.

Ni hizo dawa za marehemu zilizoanzisha sheria ya mashine hizi Marekani.

Sheria yao kuu ya dawa zinazodhibitiwa ni ya mwaka 1970. Inamtaka kila anayeshika dawa hizo, kuanzia kiwanda, ghala, famasi, hospitali hadi daktari, awe amesajiliwa na mamlaka ya nchi hiyo ya kudhibiti dawa za kulevya, DEA. Nyumba nyingi za wazee hazikuwamo kwenye orodha ya wanaosajiliwa. Kwa hiyo famasi ilipopeleka vidonge vya mwezi mzima vya mzee fulani, vidonge vile vilihesabika kuwa vimeshatolewa na ni mali yake. Akifariki wiki ya pili, au daktari akibadilisha dawa, vilivyobaki havikuweza kurudi famasi, kwa kuwa mnyororo wa waliosajiliwa ulikuwa umeshakatika. Wala nyumba haikuwa na mamlaka ya kuvihifadhi. Vikakaa kwenye makabati vikisubiri kuharibiwa. Vingine vilimwagwa chooni, vingine vikaishia mifukoni mwa watu.

Mwaka 2005 DEA ilitoa kanuni iliyokubali mashine kwenye nyumba za wazee, na lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia mrundikano huo. Ujanja wake ni mdogo na mzuri sana. Famasi inasajili mahali ilipo mashine kama tawi lake, hata kama mashine hiyo imesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee. Dawa iliyo ndani ya mashine inabaki kuwa akiba ya famasi. Inakuwa ya mzee pale tu dozi moja inapotoka. Mzee akifariki usiku, dawa ambayo hakuimeza haikuwahi kuwa yake, na hakuna cha kumwaga.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa kuwa mtu akishaelewa hilo, sehemu kubwa ya mjadala huu inafunguka. Watu wengi hudhani kudhibiti mashine ni suala la nywila na kamera. Swali la msingi ni dawa hii, dakika hii, iko mikononi mwa nani mbele ya sheria. Kabla droo haijafunguka, anayejibu ni mfamasia wa mbali. Ikishafunguka, anayejibu ni nesi. Nani anaruhusiwa kujaza mashine, nani anashika ufunguo wa akiba, nani anaharibu kidonge kilichoanguka chini, nani anashuhudia: majibu ya hayo yote yanatokana na hilo la kwanza. Nchi ikiacha swali la umiliki bila jibu kisha ikanunua mashine, imenunua kabati la gharama kubwa ambalo kila mtu atasema ni la mwenzake siku dawa itakapopotea.

Wamarekani wenyewe hawakumaliza kwa mara moja. Tangu 2013 mpango wao wa bima ya dawa kwa wazee unazitaka famasi zinazohudumia nyumba hizo kutoa vidonge vingi vyenye jina la kibiashara kwa siku zisizozidi 14 kwa mara moja. Mwaka 2014 kanuni nyingine iliruhusu visanduku maalumu vya kukusanyia mabaki ndani ya nyumba za wazee. Na ilikuwa hadi 2018 ndipo sheria ilipowapa wafanyakazi wa tiba shufaa ruhusa ya kuharibu dawa zilizobaki nyumbani kwa marehemu. Kabla ya hapo nesi aliyemuuguza mtu hadi mwisho alilazimika kuiacha chupa ya mofini mezani na kuondoka.

Sasa nirudi kwa yule kijana na swali lake la kuvunja.

Mashine yoyote yenye akili inahitaji mlango wa dharura. Mgonjwa akizidiwa na mfamasia hajakagua cheti, nesi lazima aweze kuchukua dawa bila kusubiri. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo kabati lina kitufe kinachomruhusu nesi kuruka idhini ya mfamasia na kutafuta dawa yoyote iliyomo. Mlango huo ndio unaookoa watu, na ndio uliomuua mgonjwa mmoja Nashville, jimbo la Tennessee, Desemba 2017.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 75 aliyetakiwa kutulizwa kidogo kabla ya kupigwa picha za ndani ya mwili kwenye mashine ya uchunguzi, kwa kuwa aliogopa kufungiwa ndani yake. Daktari aliandika dawa ya kutuliza ijulikanayo kwa jina la kibiashara Versed. Kwenye kabati dawa hiyo ilikuwa imeorodheshwa kwa jina lake la kitaalamu, midazolamu. Nesi aliandika herufi mbili, VE, hakuiona, akapita mlango wa dharura, akaandika tena VE, na kompyuta ikamletea vekuroniamu. Hiyo ni dawa ya chumba cha upasuaji. Inalegeza misuli yote, ikiwemo ya kupumua. Mgonjwa aliachwa bila kuangaliwa akisubiri picha. Alikufa.

Machi 2022 mahakama ilimtia nesi yule hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe wa jinai, na Mei akapewa miaka 3 ya uangalizi bila kifungo. Manesi nchini kote walifuatilia kesi ile kwa hofu. Yeye mwenyewe alikuwa ameeleza mapema kwamba kupita mlango wa dharura lilikuwa jambo la kila siku pale kazini. Alikosea, tena si mara moja, kwa kuwa chupa ilikuwa na onyo na dawa ilikuwa unga wakati ile aliyoitafuta ni ya maji. Lakini kuna jambo ambalo adhabu ya mtu mmoja haiwezi kulirekebisha: mashine iliyokubali herufi mbili kutoa dawa inayositisha pumzi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa dawa, ISMP, imependekeza kabati lidai angalau herufi tano kwenye utafutaji kama huo. Herufi tatu zaidi. Hilo ndilo ninaloliita udhibiti wa maana, na ni kazi ya kanuni kulilazimisha, kwa sababu nesi mwenye wagonjwa ishirini hatajiwekea kikwazo mwenyewe.

Ninavyoona mimi, mlango wa dharura ndio kipimo cha kanuni nzima. Ukiufunga kabisa, unampata shangazi yangu akilia hadi asubuhi. Ukiuacha wazi, unampata yule mama wa Nashville. Kanuni nzuri inaorodhesha ni dawa zipi tu zinazopatikana kwa njia hiyo, inamtaka mtu wa pili ashuhudie kwa zile za hatari, na inamtaka mfamasia asome kila tukio kesho yake asubuhi. Mashine ikionyesha kwamba mlango ule unapitwa mara 30 kwa siku, tatizo si manesi watundu. Mfamasia anachelewa kukagua vyeti, au orodha ya dawa za kawaida imepangwa vibaya, na mwenye kuitwa ajieleze awe msimamizi.

Kuna mambo ambayo mashine haiwezi kuyaona hata ikisimamiwa vizuri, na hapa mifano mikubwa inatoka Uingereza. Harold Shipman alikuwa daktari wa mtaa, mpendwa wa wagonjwa wake, wengi wao wazee. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15, na uchunguzi uliofuata ulithibitisha wahanga 215. Alitumia dawa ya jamii ya mofini, nyingine akiichukua kutoka kwa wagonjwa waliokwisha kufa, nyingine akiiandika kwa majina ya watu wasioihitaji. Rejesta zilikuwepo. Hakuna aliyezilinganisha. Ndipo sheria ya mwaka 2006 ikazitaka taasisi za afya za nchi hiyo ziwe na ofisa mmoja mwenye jina, anayewajibika kwa dawa hizo peke yake.

Hospitali ya Gosport, kusini mwa Uingereza, inaniumiza zaidi. Jopo huru lililotoa ripoti yake Juni 2018 lilikuta kwamba kati ya 1989 na 2000 zaidi ya wagonjwa 450, wazee wengi waliolazwa kwa ajili ya kupata nafuu, walifupishiwa maisha kwa dawa za jamii ya mofini walizopewa bila sababu ya kitabibu. Hapakuwa na wizi. Daktari aliandika, nesi akatoa, leja ikajazwa. Kabati la kisasa lingetii cheti kile kwa uaminifu mkubwa na kuchapa jina la mgonjwa kwa herufi safi. Ndiyo maana ukaguzi wa mfamasia kabla mashine haijaruhusiwa hauwezi kuwa wa kubonyeza tu, na ndiyo maana manesi waliolalamika Gosport mwaka 1991, bila kusikilizwa, walikuwa kinga ambayo hakuna programu inayoweza kuizidi.

Huku kwetu je?

Makazi ya wazee yapo. Tabora tuna ya Ipuli, Kigoma wana ya Kibirizi, na mengi ya makazi ya serikali yanachukua wazee ambao hawana ndugu wa kuwatunza. Wazee wengine wote wako majumbani, na tiba shufaa yao inafanywa na binti, mjukuu au jirani, pamoja na nesi anayekuja kwa bodaboda pale anapopatikana. Hilo peke yake linabadilisha hesabu. Mashine kubwa kama friji ilibuniwa kwa nyumba yenye wazee mia moja. Kwa hali yetu, kama kitu kitakuja mapema, kitakuwa kabati la wodini kwenye hospitali za rufaa za mikoa, Kitete au Maweni, na kutoka pale mtu atawaza kulipeleka kwenye makazi.

Akiwaza hivyo atakutana na milango mingi. Makazi ya wazee yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Dawa ziko chini ya Wizara ya Afya. Mashine yenyewe ingeulizwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iwapo ni kifaa tiba. Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linalosajili wafamasia na majengo ya kutolea dawa, nalo lingeuliza famasi hii ni ipi na mfamasia msimamizi ni nani. Mofini ingeleta Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ina adhabu kali kwa anayekutwa na dawa hizo pasipo kibali. Nesi anayebonyeza kitufe ana baraza lake la taaluma. Na majina ya wazee na magonjwa yao, yakihifadhiwa kwenye kompyuta ya kampuni iliyo nchi nyingine, yanaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Kila mlango una sababu yake na sina ugomvi na hata mmoja. Shida ni kwamba sheria hizi zinamjua mtu na zinajua jengo. Mfamasia ni mtu, famasi ni jengo lenye anwani. Mashine iliyosimama Ipuli ikiendeshwa na mfamasia aliye mjini haiingii vizuri kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Tungehitaji kanuni moja fupi inayosema, kama walivyofanya wenzetu 2005, kwamba mashine ni tawi la famasi fulani, mfamasia wake ni fulani, na dawa ni mali ya famasi hadi dozi itoke. Hiyo inaweza kuandikwa hata kabla mashine ya kwanza haijafika bandarini.

Mambo mengine ni ya hapa tu. Umeme ukikatika, droo zote zinabaki zimefungwa, na wakazi wa Kigoma, walioishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, hawahitaji kuelezwa maana yake. Kanuni lazima iseme betri ikae saa ngapi, na ufunguo wa mkono unakaa wapi na kwa nani. Joto la Tabora la Septemba na Oktoba linapanda kupita kiwango ambacho dawa nyingi zinatakiwa kuhifadhiwa, kwa hiyo mashine isiyopima joto lake mwenyewe si ya kusajiliwa. Kipakiti kilichochapwa jina kinadhania kwamba mzee anajua kujitaja au ana utepe mkononi, wakati nyumba moja inaweza kuwa na akina Juma Ramadhani watatu na mmoja wao hakumbuki jina lake. Wapo watakaopendekeza alama za vidole za wazee. Waliokaa foleni za usajili wa vitambulisho wanajua jinsi vidole vya mtu aliyelima tumbaku miaka arobaini vinavyokataa kusomeka.

Ninaloliogopa kuliko yote hayo, hata hivyo, ni kwamba tutajenga ulinzi mkubwa kuzunguka dawa ambayo haipo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unaanza kwa kukiri kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ni ya lazima kwa kupunguza maumivu na mateso, na kwamba zipatikane kwa ajili hiyo. Dunia ilishika nusu ya pili ya mkataba, ile ya kudhibiti. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, mofini ya maji imekuwa ikichanganywa kutoka kwenye unga katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 za reli kutoka hapa. Waganda walichukua njia iliyowafaa: tangu 2004 manesi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Ilibadilishwa sentensi ya sheria, na mgonjwa wa kijijini asiyefikiwa na daktari akaanza kupata dawa.

Kwa hiyo nikiulizwa nianze wapi, naanza na wanaoandika, kisha wanaoshika, kisha kabati. Lakini silikatai kabati, na sababu yangu ni leja.

Siku mbili baada ya usiku ule niliomba kuiona leja. Waliniruhusu, kwa heshima yao. Mstari wa shangazi ulikuwepo, umejazwa kwa mwandiko mzuri: mofini, dozi ya usiku, imetolewa saa 4:00 usiku, sahihi mbili. Mtu aliogopa kuandika saa 1 asubuhi, kwa kuwa saa 1 asubuhi ingeuliza ilikuwaje. Kwenye karatasi shangazi alilala. Mashine isingeandika hivyo. Ingeandika saa droo ilipofunguka, na mtu yeyote ambaye angeisoma angeona saa 9 za mateso zikiwa nafasi tupu kati ya mistari miwili. Saa hiyo ya kweli ndiyo ninayoitaka kutoka kwenye teknolojia, kuliko vidole na droo zinazomulika, mradi kanuni imtaje mtu wa kuisoma kila asubuhi.

Shangazi alifariki baada ya wiki tano, usiku, ametulia. Yule kijana bado yuko palepale, na sasa yeye ndiye msimamizi. Nilipita kumsalimia mwezi uliopita. Hawana mashine. Ufunguo wa pili hausafiri tena. Kuna mwingine wa akiba kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, sahihi mbili zimepita juu ya mfuniko wake, iko kwenye droo ya meza ya zamu, na kando yake kuna daftari dogo la kuandika nani aliifungua, saa ngapi na kwa ajili ya nani. Aliniruhusu nilisome. Bahasha imefunguliwa mara nne tangu daftari lianze. Mstari wa mwisho unasema saa 8:20 usiku, mzee wa kitanda cha dirishani, maumivu makali, na chini yake kuna sahihi ya aliyekuja asubuhi kulisoma.